Fundi wa viyoyozi vya majumbani ameitwa hospitalini: ajiandae na nini?

Mpoza_Upepo (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Nilisoma VETA, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikijitegemea, nikifunga na kuhudumia viyoyozi vya ukutani katika nyumba za watu, maduka na hoteli mbili tatu za hapa mjini. Kazi hii, kama mnavyojua, ina msimu wake: kuanzia Novemba hadi Machi simu hailali, na ikifika Juni, kusi inapovuma na watu wanaanza kufungua madirisha, fundi anabaki kupanga spana zake.

Wiki iliyopita niliitwa na kampuni yenye kandarasi ya matengenezo katika hospitali moja kubwa. Mshahara wanaoutaja ni mdogo kuliko ninachopata Januari, ila unaingia miezi yote kumi na miwili. Katika usaili msimamizi aliniuliza swali moja tu la ufundi: nikiitwa chumba cha upasuaji kwa sababu kuna joto, nitaangalia nini kwanza? Nikajibu kwamba nitafunga geji nipime gesi. Alicheka, akasema nitajifunza. Tangu siku hiyo swali lile linanikera, kwa maana katika nyumba za watu jibu langu lingekuwa sahihi mara nyingi.

Mama watoto naye ana hofu ya kifua kikuu na magonjwa mengine, na sina la kumjibu. Kwa wale waliowahi kufanya kazi hii, naomba mnieleze inatofautiana wapi na ya mtaani, na niulize nini kabla sijatia saini.

Fundi wa Zamu (Dar es Salaam)

Mdogo wangu, karibu. Nina miaka kumi na minne katika hospitali ya rufaa, mitano ya mwanzo nikiwa kwa mkandarasi kama wewe, kwa hiyo kicheko cha msimamizi wako nakielewa. Fundi aliyelelewa na viyoyozi vya majumbani anafikiri biashara yake ni baridi. Hospitalini unalipwa kwa ajili ya hewa: inatoka wapi, inapita wapi na inaishia wapi. Baridi ni sehemu ya hesabu hiyo, tena ile iliyo rahisi.

Chukua chumba cha upasuaji kilichojengwa inavyotakiwa. Juu ya paa au katika chumba cha mitambo kuna kasha kubwa lenye feni, koili (mabomba ya baridi yanayopoza hewa) na filta za hatua mbili au tatu, na ya mwisho mara nyingi ni ya HEPA, ambayo hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3. Kiwango cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ambacho wasanifu wengi hukifuata, kinataka hewa ya chumba hicho ibadilishwe angalau mara 20 kwa saa, na kati ya hizo angalau mara 4 iwe hewa mpya kutoka nje, huku joto likikaa kati ya nyuzi 20 na 24. Zaidi ya yote, presha ya hewa ndani ya chumba lazima izidi ile ya korido, ili mlango ukifunguliwa hewa safi itoke na vumbi la nje lisiingie.

Sasa turudi kwenye swali lako. Ukiitwa thieta kwa sababu ya joto, anza na filta: zimejaa? Kisha mkanda wa feni: umelegea au umekatika? Kisha mlango: kuna mtu ameuzuia kwa stuli ili apitishe machela kirahisi? Ukimaliza hayo ndipo ufikirie gesi. Filta za hospitali hujaa upesi kuliko unavyozoea, kwa sababu ya nyuzi za mashuka, blanketi na bandeji zinazoelea hewani. Ukiitoa filta ya kwanza ambayo imesahaulika, utaikuta imevaa utando wa kijivu kama sufi, na unaweza kuubandua kwa vidole kama blanketi.

Hapo ndipo penye hatari ambayo mtaani haipo. Kiyoyozi cha nyumbani kikilegea, mwenye nyumba anatoka jasho na anakupigia simu. Filta ya thieta ikijaa, hewa inapungua na presha inapotea, lakini koili bado ina baridi, chumba bado kinaonekana kizuri, na hakuna anayetoka jasho wala anayepiga simu. Kwa hiyo jizoeze kupima bila kuitwa. Kama mahali hapana geji ya presha ukutani, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, ushikilie kwenye upenyo wa chini ya mlango uliofungwa, ukiwa upande wa korido. Ukipeperuka kukuelekea, chumba kinasukuma hewa nje kama inavyotakiwa. Ukivutwa ndani, andika ripoti saa hiyohiyo. Katika chumba cha kumtenga mgonjwa wa kifua kikuu ni kinyume chake: pale karatasi ivutwe ndani, kwa sababu hewa ya chumba hicho haipaswi kufika korido, na inapotolewa haitakiwi kurudi katika mfumo wa jengo.

Nisikudanganye, thieta za namna hiyo si zote. Katika hospitali nyingi za wilaya, na hata baadhi ya kubwa, utakuta chumba cha upasuaji kimefungwa viyoyozi viwili vya ukutani, vilevile unavyovijua. Hivyo havileti hewa mpya hata kidogo. Vinazungusha ileile iliyomo, tena kwa kuipitisha kwenye koili yenye unyevu na vumbi. Fundi wa kawaida hawezi kuligeuza jengo, lakini anaweza kuhakikisha kwamba kiyoyozi hakipulizi moja kwa moja juu ya kitanda cha upasuaji, kwamba koili, feni na trei ya maji vinaoshwa kwa ratiba isiyorukwa, na kwamba kasoro hiyo imeandikwa kwenye ripoti kila robo mwaka mpaka mtu wa bajeti achoke kuisoma.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonigombanisha na watu zaidi ya lingine lolote. Kuna vyumba ambavyo kazi ya fundi wa viyoyozi ni kukataa kufunga kiyoyozi. Mwaka mmoja niliombwa kufunga kimoja katika chumba cha kuonea wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Chumba kilikuwa na madirisha mawili makubwa yanayotazamana na upepo ukipita katikati. Daktari aliyekuwa akikaa humo tangu asubuhi alikuwa anaungua kwa joto la Februari, na ombi lake lilikuwa la kibinadamu kabisa. Lakini kiyoyozi cha ukutani kinataka madirisha yafungwe, na yakifungwa, kila anachokikohoa mgonjwa kinabaki humo kikizungushwa mpaka kwenye mapafu ya daktari mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji hewa wa asili unataka lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika vyumba vya aina hiyo. Dirisha lililo wazi penye upepo linaweza kuzifikia. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hata lita moja. Nilikataa, nikaitwa mkaidi, nikamfungia feni iliyowekwa nyuma ya kiti chake, ikipuliza kutoka kwake kuelekea kwa mgonjwa na dirishani. Bado ipo.

Sista wa Thieta (Mwanza)

Mimi si fundi, ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, lakini kwa kuwa sisi ndio tunaoishi na matokeo ya kazi yenu naomba niongeze machache.

Usiingie mahali popote, hata ukiwa na kitambulisho, kabla hujamwona msimamizi wa zamu wa wodi hiyo. Kwetu ratiba ya upasuaji hubandikwa jioni ya siku iliyotangulia, na fundi mwerevu huisoma kama sisi tunavyoisoma. Kuosha koili au kufungua dari ni kazi ya jioni au ya mwisho wa juma, na baada yake chumba kisafishwe upya kabla ya mgonjwa kuingia. Vumbi la juu ya dari lina mbegu za ukungu ambazo wewe na mimi tunazivuta kila siku bila kudhurika, lakini kwa mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshuka, au aliyeungua moto, zinaweza kuua. Nimewahi kumwona kijana wa kandarasi akifungua dari ya korido mchana kweupe, hatua chache kutoka kwenye vitanda vya watoto wa saratani, huku akipiga mluzi. Sikumlaumu yeye. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kuhusu sindano: usiingize mkono mahali usipopaona, iwe nyuma ya kabati, juu ya dari au ndani ya trei ya maji. Tumia tochi na glavu nene. Ukichomwa, usione haya na usisubiri zamu iishe. Osha kwa maji mengi na sabuni, toa taarifa palepale. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita, kwa hiyo anza sasa, kabla hujakabidhiwa ufunguo wa chumba cha mitambo.

Na jambo dogo linalowachosha mafundi wote: mtavutwa huku na huku kuhusu nyuzi joto. Daktari wa upasuaji amevaa gauni juu ya nguo, yuko chini ya taa kali, anataka 18. Mtaalamu wa usingizi anamtazama mgonjwa aliyelala bila nguo na tumbo wazi, anataka 23. Ikiwa ni upasuaji wa kujifungua, mkunga anamfikiria mtoto atakayetoka akiwa ameloa, na angependa 25. Usiamue wewe. Muulize mtaalamu wa usingizi, anayekaa upande wa kichwa cha mgonjwa, kisha waache wagombane wenyewe.

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Salaam ndugu yangu. Hayo ya hewa yamekwisha kuelezwa vizuri, mimi nina neno moja la mitungi na jingine la friji.

Hospitalini mtungi wa oksijeni uko kila kona, na mtungi wa naitrojeni, ambao ndio wako wa kupimia mvujo, mara nyingi uko stoo ya mbali au umekwisha. Hapo shetani huja. Mwenzangu mmoja, fundi hodari, alikuwa anatafuta mvujo katika kiyoyozi cha wodi. Naitrojeni ikamwishia saa tisa ya mchana, akaona mtungi wa oksijeni umesimama mlangoni na kidhibiti cha presha tayari kimefungwa. Akauunganisha mpira. Nilifika mkono wake ukiwa juu ya valvu, na sijui hadi leo kama nilimsukuma au nilimpiga. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta yaliyomo ndani ya kompresa hulipuka, wala haihitaji kiberiti. Mafundi wamekufa kwa kosa hilo katika nchi nyingi. Usiamini rangi ya mtungi pia, kwa sababu mitungi ya zamani na mipya haifuati mpangilio mmoja wa rangi. Soma jina lililoandikwa begani. Na kabla ya kuwasha moto wa kulehemu mabomba ya shaba karibu na wodi, uliza oksijeni inapita ukuta gani, uwe na kibali cha maandishi, na mtu mwenye kizimamoto asimame nawe. Siku hizi viyoyozi vingi vipya vinakuja na gesi ya R32, ambayo nayo inaweza kushika moto, tofauti na R22 tuliyokulia nayo.

Friji ndiyo iliyonifundisha adabu. Mtaani mteja akilalamika kwamba friji haipozi, unazungusha themostati mpaka mwisho, barafu inashika, anashukuru. Friji ya chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ya damu kati ya 2 na 6. Chanjo ya homa ya ini B, ya pepopunda na ile ya mchanganyiko wa kinga tano wanayopewa watoto huharibika zikiganda, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima. Fundi akiongeza baridi kwa nia njema, watoto watachomwa maji yasiyokinga kitu, na hakuna atakayejua. Ukitengeneza friji ya chanjo, isirudishiwe mzigo siku hiyo. Iache na kipimajoto chake kwa siku nzima, uandike, kisha mhudumu wa chanjo atie saini.

Mpoza_Upepo

Shikamoo kaka Fundi wa Zamu, na asanteni nyote. Nakiri kwamba mwaka juzi nilizungusha themostati ya friji ya zahanati moja hivyohivyo alivyoeleza ndugu wa Mombasa, na nikapewa soda. Sijui mle ndani mlikuwa na nini. Leo nimelala vibaya.

Nina maswali mawili zaidi. Hospitali hii ina mitambo mikubwa ya kupoza maji juu ya paa na mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, vitu ambavyo sijawahi kuvigusa. Pili, kwa kuwa nitakuwa mtu wa mkandarasi, chanjo na barakoa ni juu ya nani?

Mzee wa Ruwi (Muscat)

Nimefanya kazi ya mitambo hiyo huku Oman kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu la kwanza.

Mtambo wa kupoza maji usikutishe. Ni friji kubwa inayopoza maji badala ya hewa, ikiyatoa kwa kama nyuzi 6 au 7 na kuyapokea yakiwa kama 12, na maji hayo ndiyo yanayozungushwa kwenye koili za wodi. La kuangalia ni namna mtambo wenyewe unavyotupa joto. Ukiona koili na feni kubwa juu yake, hapo joto linatupwa kwa hewa, na kazi yako ni kuosha koili. Ukiona mnara unaonyunyiza maji na kutoa ukungu, simama kwanza. Maji ya vuguvugu ya mnara ni shamba la bakteria wa Legionella, ambao husafiri katika matone madogo na kuleta homa kali ya mapafu. Jina lao lilitokana na mkutano wa maveterani wa American Legion uliofanyika katika hoteli moja ya Philadelphia mwaka 1976, ambapo watu wengi waliugua na kadhaa kufariki, na bakteria wenyewe wakatambuliwa mwanzoni mwa mwaka 1977. Mnara huwekewa dawa kwa ratiba na maji yake hupimwa. Ukiusafisha, zima feni kwanza na uvae barakoa ya kuchuja chembe. Viyoyozi vya ukutani havina mnara, kwa hiyo hofu hii usiibebe kila chumba.

Kuhusu MRI, sumaku yake haizimwi usiku wala siku ya mapumziko. Spana ikiwa mkononi mwako mlangoni, ikifika ndani haiwi yako tena. Itaruka kama risasi na aliye katikati ataumia. Mtambo wa kupoza uko nje ya chumba cha sumaku, na huko unaweza kufanya kazi kwa amani, lakini mtambo huo ukizimika, fahamu kwamba heliamu iliyomo ndani ya sumaku, ambayo ni kimiminika cha nyuzi 269 chini ya sifuri, inaweza kuanza kuchemka na kupotea, na kuirudisha ni gharama kubwa sana. Kengele ya mtambo huo ikilia saa nane za usiku, amka.

Fundi wa Zamu

Marahaba, mdogo wangu. La pili nalijibu mimi, kwa kuwa nilikaa upande huo wa mkandarasi. Hospitali itakuambia chanjo ni ya mwajiri wako, na mwajiri atakuambia ni ya hospitali, na ninyi mafundi mtakaa katikati kama mpira. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwelekea mwajiri, na mwajiri wako ni kampuni inayokulipa mshahara. Kwa hiyo ombeni yaandikwe kwenye mkataba: uchunguzi wa afya kabla ya kuanza, chanjo ya homa ya ini, barakoa za kuchuja chembe na viatu. Uliza pia kama kampuni inachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu mfuko huo unahusu magonjwa yanayotokana na kazi pamoja na ajali, na fundi aliyepata kifua kikuu kazini anahitaji karatasi inayoonyesha kwamba aliingia akiwa mzima. Picha ya kifua ya siku ya kwanza itunze nyumbani kwako, usiwaachie wao peke yao.

Mwambie mama watoto kwamba mafundi wanaojilinda huzeeka kazini humuhumu, mimi nikiwa mmoja wao. Vazi la kazi usilipeleke nyumbani. Liache hospitalini lifuliwe huko.

Na je, unafuga ndevu? Barakoa ya kuchuja chembe haishiki vizuri penye ndevu. Hewa inapita pembeni na wewe unajidhania umejikinga.

Mpoza_Upepo

Ninazo, kaka, tena nyingi. Nimempigia simu msimamizi leo mchana. Chanjo na uchunguzi wamekubali kuandika, barakoa wanasema zitatoka stoo ya hospitali, nami nimeomba hilo nalo liandikwe. Alipouliza tena lile swali la thieta nilimwambia filta, mkanda, mlango, na safari hii hakucheka. Aliniuliza nimefundishwa na nani. Naanza Jumatatu. Kinyozi ni Jumapili jioni.